UZI: Msitu wa Ituri, miti mikubwa juu ya udongo maskini (shamba, muhogo, mawese na wenyeji)

#1 Mto_Epulu

Wakuu, habari za humu.

Kila uzi wa Kongo ukianzishwa hakosekani mtu wa kusema ardhi ile ukichomeka fimbo inaota. Itaota, sawa. Suala ni mwaka wa tatu utavuna nini pale pale ulipoichomeka. Naleta uzi wa msitu wa Ituri na jirani yake Tshopo, kuelekea Kisangani, kwa kuwa upande huo ukisimama sokoni Kiswahili kinakutosha, na wengi humu wana ndugu au biashara huko.

Eneo kwanza. Msitu wa Ituri una kama kilomita za mraba 63,000, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Karibu moja ya tano yake ni Hifadhi ya Okapi, iliyotangazwa 1992, makao yake Epulu, kando ya mto wa jina hilo hilo. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia 1996, na 1997 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mvua ni milimita 1,700 hadi 1,800 hivi kwa mwaka. Kiangazi ni kifupi, Desemba hadi Februari, na hicho nacho si kikavu cha kuaminika.

Udongo sasa. Ni mwekundu au wa manjano, mkongwe mno, umeoshwa na mvua kwa muda usiohesabika. Potasiamu, kalsiamu na magnesiamu zimeshuka na maji. Vilivyobaki ni chuma na alumini. Tindikali ni kali, na fosforasi kidogo iliyopo inang'ang'aniwa na chuma, mmea hauipati. Basi miti ya mita 40 inakula wapi? Inakula majani yake yenyewe. Jani likianguka linaoza haraka kwa joto na unyevu, na mizizi iliyotandaa juujuu kama mkeka, ikisaidiwa na kuvu, inalinyonya kabla mvua haijalibeba. Ghala la rutuba liko ndani ya miti na kwenye takataka za juu, chini hakuna akiba. Ukishalielewa hilo, mambo mengi ya huko yanajieleza: kwa nini watu wanachoma, kwa nini wanahama, kwa nini muhogo na mchikichi ndivyo vinatawala jikoni.

Tuanze hapo. Wenye ujuzi wa kila kipengele waongeze.

#2 JembeLaKahama

Mkuu, si waweke samadi na mbolea ya dukani kama sisi? Kuchoma msitu kila mwaka ni uharibifu tu.

#3 Mto_Epulu

@JembeLaKahama samadi ya ng'ombe gani? Ndani ya msitu kuna mbung'o, ng'ombe hakai. Mifugo ni mbuzi wachache na kuku. Mbolea ya dukani ikifika kwa barabara zile bei yake inazidi mazao, na ukiiweka kwenye udongo wenye alumini na tindikali bila chokaa, sehemu kubwa inaondoka na mvua. Majivu yanafanya kazi mbili kwa mpigo: yanaleta potasiamu na kalsiamu, na yanapunguza tindikali. Kwa mwaka mmoja au miwili ni chokaa na mbolea ya bure.

Ila kuchoma kuna utaratibu wake. Desemba na Januari unafyeka vichaka na mimea yote inayotambaa ya chini kwa panga, KABLA ya kugusa mti mkubwa. Ukiangusha miti kwanza, vichaka vinalaliwa na magogo, huvifikii tena, na vitachipua juu ya mazao yako. Kisha shoka. Miti yenye mizizi ya mbawa hukatwa juu ya mbawa, mtu akisimama kwenye jukwaa la vijiti, maana chini pale shina ni pana mara tatu. Mingine huachwa imesimama kwa makusudi, hasa ya viwavi (nitawaachia wengine waielezee).

Halafu unangoja wiki nne hadi sita. Hapa ndipo watu wanapokosea. Ukichoma mapema, moto unapita kwenye majani tu, matawi yanabaki mabichi, na itakubidi kuyarundika na kuchoma mara ya pili, yaani kazi mbili na majivu yanajaa sehemu moja moja badala ya kutandaa. Ukichelewa, mvua ya Machi inalowesha kila kitu, na shamba lisiloungua vizuri magugu yake huyamalizi mwaka huo. Siku nzuri ni baada ya siku kadhaa za jua mfululizo, saa saba au nane mchana, ukingo umeshasafishwa upana wa hatua kadhaa moto usitoroke.

Kaya moja hufungua nusu hekta hadi hekta moja kwa mwaka. Mahindi na mpunga wa nchi kavu huenda moja kwa moja kwenye majivu kwa kuwa ndivyo vinavyokula haraka. Muhogo unafuata kati yao mpunga ukishashika: pingili za sentimita 25, macho matano au sita, zilizokatwa sehemu ya katikati ya shina lililokomaa, nafasi mita moja kwa moja. Ncha ya juu ya shina ni laini, inaoza. Sehemu ya chini kabisa ni ngumu, inachelewa kuchipua. Ndizi za kupika, huko wanaita makemba, hupandwa karibu na magogo yanayooza maana pale panabaki na unyevu na chakula muda mrefu. Pingili usichukue kwenye mmea wenye majani yaliyokunjamana na madoa ya manjano. Hiyo ni batobato, na inzi weupe wataisambaza shamba zima.

#4 Barza71

Naongezea kwenye kulaza shamba, maana hapo ndipo penye ugomvi wote.

Baada ya mavuno ya muhogo, miezi 12 hadi 18, shamba linaachwa. Mti wa kwanza kushika ni kombokombo, ule wenye majani kama mwavuli na mizizi ya miguu juu ya ardhi. Unakua kwa kasi ya ajabu na kufunga kivuli, magugu yanayotaka jua yanakufa. Wenyeji wanausoma kama kalenda. Kombokombo wembamba waliosongamana: bado. Kombokombo wakubwa waliozeeka, wengine wanaanguka wenyewe, na miti ya mbao migumu imeanza kupita chini yao: panafaa kulimwa tena. Hiyo ni miaka 15 hadi 20 hivi.

Tatizo si moto, @JembeLaKahama, tatizo ni hesabu ya miaka. Ukirudi baada ya miaka mitano, kombokombo ni mwembamba, majivu ni kiganja, na mbegu za magugu bado hai ardhini. Mavuno ya pili yanashuka, unafungua kubwa zaidi kufidia, mapumziko yanafupika tena. Na kwa nini watu warudi mapema wakati msitu ni mpana vile? Kwa sababu enzi za Wabelgiji vijiji vilisogezwa kwa lazima kando ya barabara, ili kodi ikusanywe na barabara itunzwe. Watu wamebanana kwenye ukanda wa kilomita chache kila upande, nyuma yao msitu mtupu. Kila anayeona ramani anashangaa.

Yangambi, magharibi ya Kisangani, kilipo kituo cha utafiti kilichoanzishwa na INEAC, taasisi ya kilimo ya Wabelgiji, mwaka 1933 (leo INERA), walijaribu kulipangia jambo hili: vipande virefu vya upana wa mita 100, kimoja kinalimwa, cha jirani kimelala, ili mbegu za msitu zirudi kutoka kando. Kiufundi lilikuwa wazo zuri kuliko mengi ya ukoloni, kwa sababu waliiga kile wakulima walichokuwa wakifanya. Kilicholiangusha ni kulazimisha: mstari umenyooka, kichuguu na kinamasi havijanyooka.

#5 MamaSombe

Niingie kwenye muhogo maana nyie wanaume mmeishia shambani, hamjafika jikoni 😄

Muhogo unapendwa kwenye udongo ule kwa sababu unavumilia tindikali, na mizizi inajihifadhi ardhini yenyewe, unachimba unapohitaji. Ukishachimbwa hauna subira, siku mbili tatu unaanza kuwa na michirizi ya bluu ndani. Unaolimwa zaidi ni mchungu. Uchungu huo ni sumu inayoitwa linamarini, na muhogo wenyewe una kimeng'enya cha kuivunja, ila viwili hivyo vinakaa vyumba tofauti ndani ya chembe hai (seli) za mmea. Kazi yote ya mama jikoni ni kubomoa ukuta kati yao. Vikikutana, inatoka sianidi, ambayo inachemka kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo inaruka na hewa.

Kuloweka: menya, maana ganda lina sumu kuliko nyama. Kata vipande vya urefu wa kiganja. Tia kwenye pipa, au kwenye dimbwi pembeni ya kijito. Maji yawe yametulia au yanatembea taratibu. Wengi wanafikiri maji yanayokwenda kasi ndiyo safi zaidi, lakini yanabeba wale wadudu wasioonekana wanaochachusha, na muhogo unakaa wiki bila kulainika. Lundika mawe juu, kipande kinachoelea kinaoza rangi ya kijivu badala ya kuchachuka. Siku tatu hadi nne kwa maji ya uvuguvugu wa huko chini. Ukiloweka mzima bila kumenya, au msimu wa baridi, nne hadi tano. Pipa jipya linachelewa, basi weka vipande viwili vitatu vilivyolainika vya safari iliyopita viwe mbegu.

Kipimo si siku, kipimo ni kidole. Bonyeza kipande chenye unene kuliko vyote: kidole gumba kiingie bila kugoma, na ule uzi wa katikati uvutike wote mara moja. Ukikatikia ndani, rudisha majini.

Ukitaka unga, toa nyuzi, bomoabomoa vidogo, anika. Mvua zikizidi watu hukausha kwenye uchaga juu ya moto, ndiyo maana unga wa msituni mara nyingi una harufu ya moshi. Ukitaka kwanga, yaani mkate wa muhogo unaochemshwa ndani ya majani, usianike. Tia kwenye gunia, weka mawe mazito juu usiku kucha maji yatoke. Twanga au saga mpaka hakuna hata chembe. Kisha donge linapikwa NUSU kwenye sufuria huku unasonga, linatolewa, linakandwa tena likiwa la moto. Hatua hiyo wavivu huiruka, na kwanga yao inakatika kama sabuni iliyokauka. Funga kwa majani ya mongongo, yale mapana ya msituni, mawili au matatu yakipishana, funga kwa kamba, chemsha saa kadhaa mpaka iwe na mng'aro ukiikata. Jani lililopasuka linaingiza maji na kwanga hiyo haifiki siku ya tatu. Iliyofungwa vizuri inakaa wiki, ndiyo chakula cha wasafiri wa mtoni na wa baiskeli.

#6 Bada_ya_Tanga

Dada, mbona Tanga tunachemsha na nazi siku hiyo hiyo na hakuna aliyekufa? Siku nne ni nyingi.

#7 MamaSombe

@Bada_ya_Tanga kaka yangu, huo wa kuchemsha na nazi ni muhogo mtamu, mbegu nyingine. Usihamishe desturi bila kuhamisha mbegu. Na hata huo mtamu, mwaka wa ukame sumu hupanda.

Ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kwango, kusini-magharibi ya Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitarudi kuwa kama zamani. Daktari Trolli aliuandika 1938. Msumbiji uliwapata watu wa Nampula 1981, na Tanzania ulionekana Tarime miaka ya 1980. Kule Bandundu, mkoa wa zamani uliokuwa na Kwango ndani yake, kilichouleta kwa wingi kilikuwa BARABARA: wanunuzi wa Kinshasa wakawa wanafika, watu wakakatisha kuloweka siku tatu ikawa moja ili lori lisiondoke bila wao. Pamoja na hilo, mlo ukawa muhogo tu bila samaki wala maharage, na mwili unahitaji chembe za salfa za protini ili kuitoa sianidi. Vitu viwili vikikutana, ndipo inapotokea.

Kama umenunua unga na humjui aliyeuloweka, kuna njia ya kupunguza, imejaribiwa na vijiji vya Popokabaka. Tia unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukichanganya: mwanzoni unga unashuka, halafu unapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Tandaza juu ya mkeka kwa tabaka jembamba, lisizidi sentimita moja. Uache juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa muda wa saa tano. Pika ugali siku hiyo hiyo, usiuhifadhi. Tabaka likiwa nene hewa ya ndani haitoki na umejichosha bure.

Na sombe, ambayo nyie mnaita kisamvu na Kinshasa wanaita pondu. Majani machanga ya juu, ondoa vikonyo, ponda kwenye kinu mpaka yalegee yawe kama uji mzito. Kukatakata kwa kisu hakutoshi; kinu ndicho kinachovunja chembe, sumu ya majani inaruka hapo. Chemsha bila mfuniko dakika 30 za mwanzo, kisha endelea saa moja na zaidi. Mawese yanaingia mwishoni pamoja na kitunguu, bilinganya na samaki mkavu. Ukiyatia mapema majani yanagoma kuiva. Na wale wa magadi: yanalainisha na kubakisha kijani, sikatai, ila vitamini inapotea na ladha inakuwa ya sabuni.

#8 Mchikichi_Kgm

Mawese niachieni, maana Kigoma na Kongo ni mafuta yale yale, tofauti ni majina. Chikichi huko wanaita ngazi.

Mkungu unakatwa lini? Usiangalie rangi peke yake. Angalia chini: ngazi tano hadi kumi zimedondoka zenyewe, panda ukate. Kabla ya hapo mafuta hayajajaa. Ukingoja hadi nusu ya mkungu imedondoka, unapata mafuta mengi ila makali, kwa sababu ngazi iliyopondeka ina kimeng'enya kinachoyavunja mafuta kuwa asidi, na kinaanza kazi dakika ile ile inapochubuka. Dawa yake ni joto. Kwa hiyo kila siku unayochelewa kuchemsha ni siku ya kuharibu.

Pasua mkungu kwa shoka vipande vyenye masuke, funika kwa majani siku mbili, zisizidi tatu, ngazi zilegee. Pukuchua. Chemsha kwenye pipa saa moja na nusu hadi mbili, moto usikatike. Twanga ZIKIWA MOTO. Zikipoa mafuta yanashikamana na nyuzi na hayatoki hata ukikaa juu ya mashine. Twanga kwa kuzungusha mchi, usipige kwa nguvu ukavunja kokwa, maana mafuta ya kiini ni mengine na vipande vya ganda vinakata mikono wakati wa kukamua.

Mwenye mashine ya skrubu anakamua humo. Asiye nayo anamwagia maji ya moto kwenye hodhi, anakoroga, povu jekundu linapanda, analikombea sufuriani. Kwa vyovyote vile, mwisho ni kuchemsha tena: maji na uchafu vinakaa chini, unakomba mafuta ya juu, unayaweka sufuria kavu na kuyapasha. Sikiliza. Yakiwa bado yana maji yanatapatapa na kurusha. Yakinyamaza, epua. Ukipitisha hapo wekundu unafifia na karotini imeungua, na mawese meupe hayo si mawese tena. Maji yakibaki ndani, dumu litanuka kabla ya miezi miwili.

#9 Barza71

Nirudi kwa watu, maana kichwa cha uzi kinasema wenyeji.

Kiswahili cha huko, Kingwana, kililetwa na wafanyabiashara wa pwani na watu wao katika nusu ya pili ya karne ya 19. Tippu Tip, Mzanzibari, alifanywa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, na Leopold, mfalme wa Wabelgiji, mwaka 1887. Biashara yake ilikuwa pembe na watumwa, tusiipambe. Lakini mpunga wa nchi kavu ambao Mto_Epulu kautaja hapo juu uliingia maeneo hayo na watu wa pwani hao hao, na hadi leo Tshopo ni nchi ya wali. Hata neno barza, kile kibanda cha mbele ya nyumba ambapo wanaume wanakaa na kesi ndogo zinasikilizwa, ni baraza ya Zanzibar iliyopungua silabi.

Wakulima wa msituni ni Wabira, Walese, Wabudu, Wandaka na wengine. Pamoja nao wapo Wambuti, wawindaji wa msituni. Watu wanawaweka kapu moja, si sawa. Waefe wanaishi na Walese na wanawinda kwa upinde. Walio upande wa Wabira wanawinda kwa nyavu. Wavu ni wa nyuzi za mmea unaotambaa uitwao kusa: ganda la ndani linachunwa, linakaushwa, linasokotwa juu ya paja. Kimo ni kama kiuno au kifua, urefu mita 30 hadi 50 na zaidi. Wavu mmoja haufai kitu. Kila familia inaleta wake, zinaunganishwa nusu duara, wanawake na watoto wanapita upande wa wazi wakipiga kelele, mnyama anakimbilia wavuni. Anayepatikana zaidi ni mboloko, paa mdogo wa buluu wa kilo nne tano. Penye pengo kati ya nyavu mbili ndipo anapopita, kwa hiyo ugomvi wa kambi jioni huwa ni wa nani hakuunganisha.

Nyumba ni kazi ya wanawake: fito zinakunjwa kama kuba, majani ya mongongo yanapasuliwa kikonyo na kuning'inizwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika ya chini yake, kama vigae. Saa chache imekwisha. Vazi la magome wanaume wanalipiga, wanawake wanalichora kwa maji meusi ya matunda.

Nyama, asali na nguvu za kazi vinakwenda kijijini. Muhogo, makemba, chumvi na chuma vinarudi msituni. Si usawa, mkulima hujiona bwana. Lakini na Mambuti akikasirika anahama, na mkulima anabaki na shamba lisilo na mtu wa kulifyeka.

#10 JembeLaKahama

Kwa hiyo Mbilikimo na Mambuti ni kitu kimoja? Na serikali inasemaje kuhusu ardhi yao?

#11 Msitu_na_Sheria

"Mbilikimo" lina harufu ya dharau, liache, taja kabila.

Kisheria: sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya dola. Mkulima na Mambuti wote wanakaa kwa mila, bila hati. Sheria ya misitu ya 2002 ilifungua njia, na amri ya Agosti 2014 ikaitekeleza: jamii inaweza kupewa msitu wake, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Ombi linapelekwa kwa gavana wa mkoa likiwa na ramani iliyochorwa pamoja na majirani na mihtasari ya kikao iliyosainiwa. Yanapokwama mara nyingi ni kwenye ramani: kijiji kimechora mpaka wa mashamba, kikasahau kwamba kambi za Wambuti ziko ng'ambo yake. Julai 2022 ikatoka sheria ya kulinda Wambilikimo (ndivyo karatasi zinavyowaita, kwa Kifaransa) kama watu wa asili, ikigusa na ardhi zao. Kwenye karatasi ni nzuri. Eneo lenye dhahabu na bunduki kama Ituri, karatasi inatembea polepole.

Na ile miti ya viwavi iliyotajwa #3: mkubwa wao ni sapele. Viwavi wanashuka kati ya Julai na Septemba, wanaokotwa chini ya mti, wanachemshwa na chumvi na kukaushwa. Ni protini ile ile ambayo MamaSombe anasema inazuia konzo. Sapele huyo huyo ndiye mbao ghali inayotafutwa na makampuni. Mwenye mkataba akiukata anahesabu mita za ujazo. Mama wa kijiji anahesabu magunia ya kila mwaka, ila hesabu yake haimo kwenye mkataba. Mkijadili na kampuni, miti ya viwavi iorodheshwe mmoja mmoja na ipakwe rangi kabla msumeno haujafika.

#12 ShambaDarasa

@Mchikichi_Kgm swali la mwisho. Nikiokota ngazi chini ya mchikichi wa kisasa wenye nyama nene nikaotesha, si nitapata mingine kama huo?

#13 Mchikichi_Kgm

Hapana, na kosa hili linakula miaka minne ya watu kabla hawajaligundua.

Yangambi hapo hapo, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba unene wa kokwa unaendeshwa na jeni moja. Aina iitwayo dura ina kokwa nene na nyama kidogo. Pisifera haina kokwa, lakini mikungu yake mingi inaoza bila kukomaa. Ukiwachavusha wawili hao unapata tenera, kokwa jembamba na nyama nyingi, na ndiyo hiyo unayoiona kwenye mashamba ya kisasa. Ukiotesha mbegu za tenera iliyochavushwa na tenera mwenzake, katika kila miti minne tegemea dura mmoja, tenera wawili, na pisifera mmoja asiyezaa. Na kama waliochavusha ni michikichi ya porini, karibu yote dura, nusu ya miche yako itarudi kuwa dura. Kwenye hekta ya miti 143 hiyo ni hasara kubwa. Mbegu ichukuliwe kwa wanaochavusha kwa mkono na kufunika ua; kwa upande wetu TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania) Kihinga, Kigoma, ndiyo kazi yao.

Kujua mti ulionao: kata ngazi mbivu kwa upana kwa panga kali. Ukiona kokwa jembamba limezungukwa na duara la vidoti vyeusi vya nyuzi ndani ya nyama, ni tenera. Kokwa nene bila duara hilo, dura. Kata tatu nne za mkungu mmoja, si moja, maana ngazi za ndani ya mkungu hubanwa na umbo lake linadanganya.